Si Kila Gugu la Ziwa ni Gugumaji

Miaka ya 1990 pale Mwaloni Kirumba, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, kila kijani kilichoelea tulikiita gugumaji. Sisi watoto tulichuma maua yake ya zambarau na kupasua vikonyo vilivyovimba, tuone vyumba vya hewa vinavyoubeba mmea mzima juu ya maji. Wakubwa hawakuwa na hamu ya mchezo huo. Mitumbwi yao ilikuwa inanasa.

Kisha wakaletwa fukusi, wadudu wenyeji wa Amerika Kusini kama gugu lenyewe. Fukusi waliokomaa hukwangua majani, mabuu hutoboa vikonyo. Kufikia mwisho wa muongo ule gugu lilikuwa limepungua sana, mvua za El Niño za 1997/98 na mawimbi vikichangia. Tukaamini dawa imepatikana.

Mwaka 2025 kijani kikaziba njia ya vivuko vya Kigongo–Busisi, miezi michache kabla ya Daraja la JPM, linalovuka hapo, kufunguliwa. Mjini watu wakasema gugumaji limerudi. Mvuvi mmoja mzee akanibishia: “Mwalimu, hili si lile. Vikonyo vya kuvimba viko wapi?”

Nikalitia kwenye beseni la maabara. Kila kifundo kilikuwa na majani matatu: mawili yanaelea, la tatu limezama, limechanikachanika kuwa nyuzi za kahawia ambazo wengi hudhani ni mizizi. Mizizi haina kabisa. Chini ya lenzi, jani la juu lilijaa vinyweleo. Kila kimoja kimegawanyika matawi manne, kisha ncha zikakutana tena, mfano wa mgono mdogo. Tone la maji nililodondosha likabiringika, jani halikulowa. Hiyo ni salvinia, jamii ya kangaga, isiyo na ua wala mbegu. Kipande kikikatika, huota upya.

Fukusi wa gugumaji hawaimalizi salvinia. Ziwa Kariba lilivamiwa na salvinia mwaka 1959, na gugu likadhaniwa kuwa spishi nyingine hadi mtaalamu wa mimea D. S. Mitchell alipolitenga mwaka 1972 kwa jina Salvinia molesta. Baada ya hapo watafiti wakamfuata adui wa gugu hilo Brazili. Fukusi aliyepatikana huko aliachiwa Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980. Mwaka uliofuata gugu lilikuwa karibu limekwisha.

Siku hizi mwanafunzi akiniletea gugu kutoka mwaloni, tunaanza na kikonyo, tunahesabu majani, kisha lenzi. Atakayeachia fukusi ziwani lazima ajue kwanza anamlisha gugu lipi.