Kiwanja Kibamba, kazi Posta

Saa 10:30 alfajiri, Mbezi Mwisho imeshaamka. Makonda wanaita "Kariakoo! Posta!", na akina mama wenye mikoba ya kazini wanatazama gari lipi lina nafasi. Wengine wametoka Kibamba ndani kwa bodaboda.

Dar es Salaam inakua kuelekea nje. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Kiwanja cha bei nafuu kipo Kibamba, Bunju, Chanika au Mbagala ndani, lakini ofisi na maduka mengi yamebaki Posta na Kariakoo. Barabara kuu za Morogoro, Bagamoyo, Kilwa na Nyerere zote zinaelekea katikati ya jiji, hivyo asubuhi watu wanakwenda upande mmoja na jioni wanarudi pamoja.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yana njia yake, hivyo hupita pembeni ya foleni. Mwaka 2021 barabara za juu za Ubungo zikafunguliwa. Hata hivyo, safari haihesabiwi kuanzia ndani ya gari. Kuna kusubiri kituoni, na mvua kubwa ikijaza maji bonde la Jangwani, mwendokasi husimama. Kwenye daladala wapo wanaogeuza na gari, wakilipa nauli mara mbili ili tu wapate siti.

Gharama nyingine hulipwa nyumbani. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Anayeamka saa 10 alfajiri anatakiwa awe amelala saa 3 usiku, wakati ambao wengine ndiyo kwanza wanashuka kwenye gari. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12, lakini wapo wanaoamshwa gizani kwa sababu mzazi hana wa kumwachia.

Baadhi ya wazazi hupiga simu nyumbani wakiwa kwenye foleni, mtoto akawasomea daftari lake kabla hajalala. Ni kidogo, lakini mtoto anajua anasikilizwa.

Na kwa familia inayotafuta kiwanja: msiende kukiona Jumapili mchana pekee. Nendeni pia siku ya kazi, kisha mtoke hapo saa 12 asubuhi kuelekea kazini. Mkifika, tazameni saa.