Kigari cha Magurudumu Matatu



Juma hili tunaandika juu ya mabomba ya chuma, minyororo ya baiskeli na hesabu ya meno yake. Atakayeona kuwa jambo hili ni dogo mno tunamwomba uvumilivu, kwa maana kwa kijana mmoja wa hapa Kisaki si dogo hata kidogo.

Kijana huyo miguu yake haimbebi tangu utotoni. Zamani alipewa baiskeli ya msaada yenye magurudumu matatu, akaifurahia mpaka masika ya kwanza. Chombo kile kilibuniwa kwa ajili ya lami. Kila aliyesafiri kutoka Morogoro mjini kupitia Mvuha hadi kwetu anaijua njia yenyewe: masika udongo mweusi hushika tairi kama ugali, na kiangazi mchanga humeza rimu. Fremu ilikatika chini ya kiti, ikaungwa, ikakatika tena kando ya kiungo. Tangu hapo kijana alibebwa katika toroli, na aliyelisukuma toroli ni mdogo wake wa darasa la tano. Treni ya TAZARA ilipotarajiwa, machungwa na ndizi za kuuza zilipaswa kufika stesheni kabla yake. Na siku hizo dawati la mtoto yule shuleni lilibaki tupu. Tulipoamua kuunda kigari kipya, basi, kipimo chetu kilikuwa kimoja tu: je, mwenye kukikalia ataweza kukiendesha peke yake?

Vijana wetu walitaka injini. Walikwisha kuiona moja, ya pikipiki iliyokufa, na macho yao yaling'aa. Mzee fundi wa baiskeli akawauliza, "Wanangu, na petroli mtamnunulia ninyi kila Jumatatu?" Hawakujibu. Tukabaki na mikono ya kijana mwenyewe, mikono ambayo kwa miaka mingi imefanya kazi ya miguu na ina nguvu kuliko ya wengi wetu.

Wala wazo hilo si geni duniani. Mwaka 1655, katika mji wa Altdorf karibu na Nuremberg huko Ujerumani, fundi wa saa aitwaye Stephan Farffler, mwenye umri wa miaka 22 na asiyeweza kutembea, alijiundia kiti cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa kuzungusha vipini kwa mikono, nguvu ikipita katika magurudumu yenye meno hadi gurudumu la mbele. Baiskeli ilikuwa bado haijazaliwa; ingengojea zaidi ya miaka 150. Tuliwasimulia vijana habari hiyo, na injini haikutajwa tena, au walau haikutajwa mbele yetu.

Tulivunja baiskeli kuukuu ya Phoenix na mbili za watoto. Katika ile ya Phoenix gurudumu la meno la mbele lilikuwa na meno 44, na friwili ya nyuma meno 18. Gurudumu tulilochagua kwa nyuma ni la inchi 26, yaani mzingo wa mita 2.07 hivi. Kama tungeunganisha meno 44 na 18 moja kwa moja, mzunguko mmoja wa vipini ungekisogeza kigari mita 5 na zaidi. Kwa miguu, juu ya ardhi ngumu, ni sawa. Kwa mikono, ndani ya mchanga, ni mateso: mtu angezungusha mara tatu na kuanza kumwita mdogo wake.

Ilibidi kuupunguza mwendo ili kuongeza nguvu. Katikati ya fremu tuliweka mhimili wa pedali kutoka baiskeli ya pili. Mnyororo wa kwanza unatoka kifuani pa mwendeshaji, kwenye meno 44, na kushuka kwenye meno 44 mengine, kwa hiyo haubadilishi kitu ila unaleta nguvu chini. Juu ya mhimili uleule tukachomelea kigurudumu cha meno 18, na mnyororo wa pili ukaenda kwenye friwili ya meno 22. Kila mzunguko wa mkono sasa unampeleka mita 1.7 hivi. Akizungusha mara 40 kwa dakika anakwenda kilomita 4 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mhimili wa kati una faida nyingine pia: mnyororo mmoja mrefu kutoka kifuani hadi nyuma ungelegea na kuruka kila shimoni.

Kazi iliyotutafuna siku nyingi ni usukani. Tuliamua magurudumu mawili yawe mbele na moja nyuma, kwa kuwa kigari cha namna hiyo hutulia kikifunga breki mtelemkoni, na kwa kuwa gurudumu la nyuma likiwa moja hakuna shida ya kugawa nguvu kati ya mawili wakati wa kukata kona. Lakini magurudumu mawili ya mbele hayawezi kupinda sawasawa. Kigari kinapozunguka, kila gurudumu hufuata duara lake, na duara la ndani ni dogo kuliko la nje. Kwa hiyo gurudumu la ndani halina budi kupinda zaidi. Yakipinda sawa, moja huburutwa ubavu. Kwenye saruji utasikia mlio tu, bali kwenye mchanga tairi huchimba kama jembe, na gharama yake hulipwa na mabega ya mwendeshaji.

Jibu lake lilipatikana kwa mtengeneza magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaliandikishia hataza huko Uingereza; ndiyo sababu mpaka leo mafundi hulitaja kwa jina la Ackermann. Hata Karl Benz aliunda gari lake la mwaka 1886 kwa magurudumu matatu, gurudumu la usukani likiwa moja, na ni mwaka 1893 ndipo alipotoa la magurudumu manne. Siri yenyewe ni nyepesi. Kila gurudumu la mbele lina mkono mfupi wa chuma, na mikono hiyo isiwe sambamba, bali ielekee ndani, kana kwamba yote miwili inalinyooshea kidole gurudumu la nyuma. Mzee fundi hakuhitaji karatasi. Alifunga uzi kwenye kila egemeo la mbele, akaivuta nyuzi zote mbili hadi katikati ya gurudumu la nyuma, akapaka chokaa mahali pa kuchomelea mikono ile, kisha akaiunganisha kwa fito moja.

Ekseli nyembamba ya baiskeli ikishikwa upande mmoja tu hupinda upesi. Kwa hiyo kila gurudumu la mbele tuliliacha ndani ya foki yake kamili kutoka baiskeli za watoto, pamoja na shingo yake, tukailaza shingo kidogo kuelekea nyuma kama ilivyokuwa mwanzo. Yeyote aliyewahi kukokota baiskeli kwa kushika kiti peke yake anajua kwamba gurudumu la mbele hujinyoosha lenyewe. Mstari wa shingo ukishushwa hadi chini hufika mbele ya mahali tairi linapogusa ardhi, hivyo tairi hufuata kama mkia. Kwetu hili halikuwa pambo. Wenzo wa usukani uko karibu na paja la kushoto, na mwendeshaji anaweza kuuacha kwenye njia iliyonyooka na kuzungusha kwa mikono yote miwili.

Breki tumeweka kwenye magurudumu yote mawili ya mbele, nyaya zake zikivutwa na kishikio kimoja, la sivyo kigari kingejipindisha.

Sura yake waliibuni vijana: pua ndefu ya bati la debe, taa mbili za makopo ya maziwa, mfano wa magari ya zamani waliyoyaona pichani. Wazee walipokiona walianza hadithi za vita. Mnamo Septemba 1916 Wajerumani na majeshi ya Waingereza walipigana hapa Kisaki, na kwa kuwa mbung'o waliangamiza farasi na ng'ombe, mizigo ya vita katika Afrika Mashariki ilibebwa vichwani na wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa. Nchi hii imejua kubebesha watu kuliko kuwapa magurudumu.

Kijana amekwisha kwenda stesheni na kurudi peke yake mara kadhaa, machungwa yakiwa nyuma ya kiti. Sehemu moja ya mchanga bado inamshinda, naye hungoja mpita njia. Mdogo wake yuko shuleni. Juzi alikuja na ombi: friwili ya meno 22, asema, inamchelewesha kwenye njia ngumu, anataka ya 18. Tulimkumbusha ule mchanga. Akacheka, akasema mchanga ni hatua mia, njia iliyobaki ni ndefu. Mwenye friwili ya meno 18 iliyo nzima, hata kama ina kutu, tunamwomba aipeleke kwa mzee fundi.