Amri ya Herufi Nne

Maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii nimewafafanulia wanafunzi kwa miaka mingi, lakini maana yake kamili nilifundishwa na swichi ya matriksi.

Swichi hii hugawa picha. Yetu ina matundu 8 ya kuingizia na 8 ya kutolea, na lolote la kuingizia laweza kuunganishwa na lolote la kutolea. Huendeshwa kwa vibonye, au kwa maandishi yapitayo katika waya wa RS-232, kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Herufi huandamana moja moja kama watu katika ujia mwembamba. Kila moja ina biti 8, hutanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na ya kukomea. Kwa mwendo wa biti 9,600, herufi 960 hupita katika sekunde moja.

Amri yenyewe ni fupi: namba ya kuingizia, nyota, namba ya kutolea, na alama ya mshangao. Haina hodi wala tafadhali. Mtambo hutii, kisha hutaja ulichotenda.

Siku moja ya mitihani fundi hakuwapo na vibonye vilikuwa vibovu, nikajitolea kuandika amri. Namba 2 ilikuwa ya ukumbi; namba 5 ya chumba cha watahini. Nilikusudia watahini wauone ukumbi: 2*5!. Kwa haraka nikaandika 5*2!. Mtambo ukajibu: Out2 In5 All. Sikulisoma jibu. Alama za binti mmoja, haba na zenye jina lake, zikasimama ukutani mbele ya wenzake wote. Amri ilikuwa imesafiri kwa muda usiotimia sehemu 5 za elfu za sekunde.

Wenzangu walinishauri niulaumu mtambo. Ningeaminiwa, maana mtambo hauna wakili. Lakini kosa lake lilikuwa lipi? Ningaliandika tundu la 9, ambalo halipo, ungalikataa na kujibu E01. Amri iliyo sahihi kwa sarufi na potofu kwa nia hauwezi kuitambua. Kazi hiyo ni ya mwandishi. Nami nilikuwa nimeambiwa ukweli, ila sikuusoma.

Nilimwendea yule binti nikamwambia, "Mwanangu, kosa ni langu. Nisamehe."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, ulitufundisha kwamba rafiki wa adui si adui wa rafiki."

Sikuwa na la kujibu. Nimewahi kuwakata wanafunzi alama kwa sababu ya maneno yaliyopotoka mahali pake, nikidhani nalinda heshima ya lugha. Sasa najua kwamba mpangilio wa maneno hulinda pia heshima ya watu. Tangu siku ile kila niandikapo amri, au barua, husoma kwanza nilichoandika, kisha husoma nilichojibiwa, ndipo mkono wangu huondoka.