Kigae cha Chungu

Nilikuwa mvuvi wa samaki wa mapambo. Si wa kuliwa, wa kutazamwa. Kwa miaka saba nilipiga mbizi kwenye miamba ya Kilifi na nyavu mbili za mkono, nikitafuta samaki wa urefu wa kidole ambao mabosi wa Mombasa waliwafunga kwenye mifuko ya plastiki yenye oksijeni na kuwapandisha ndege. Kila safari niliulizwa klauni, yule ambaye watoto wanamwita Nemo tangu filamu ile ya 2003.

Klauni wetu si yule wa filamu. Wangu ni mweusi mwenye mapezi ya manjano, mistari miwili myeupe na mkia mweupe. Kumkamata ni rahisi, na hilo ndilo linaloniuma. Hakimbii mbali. Nyumba yake ni anemoni, mnyama laini mwenye mikono inayowasha, na ukimsumbua anajichimbia humo humo. Unatega wavu, unamchokoa kwa kijiti, basi. Nilikuwa naanza na mkubwa, kwa sababu ndiye mwenye bei.

Siku moja tulimpakia mtafiti kijana chomboni. Akaniambia, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba hakuna klauni anayezaliwa jike. Katika kila anemoni mkubwa kuliko wote ndiye jike, anayemfuata ndiye mumewe, na wadogo husubiri zamu. Jike akiondolewa, mume hugeuka kuwa jike na mdogo mmoja hupanda kuwa mume. Mpaka hayo yatimie, nyumba hiyo haina yai.

Nikapiga hesabu. Miaka saba nimepita nyumba kwa nyumba nikitoa mama.

Nikaacha. Nilipomweleza mke wangu kwamba nitafuga klauni nyumbani kwetu Maweni, Malindi, aliniuliza, "Na hao watoto wako watakula maji ya chumvi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na tangi la kioo la lita 200 na jozi moja, ya mwisho mimi kuitoa baharini.

Joto halikunisumbua, klauni anataka nyuzi 26 hadi 28, na Malindi inampa bure. Maji ndiyo yaliyonitoa jasho. Kaskazi ikivuma, tope la Mto Sabaki hushuka mpaka ghuba ya Malindi na bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo nilichota Mayungu, maji yakiwa yamejaa, nikabeba mitungi kwa bodaboda, nikayaacha yatulie siku mbili kabla ya kuyachuja kwa kitambaa.

Miezi tisa ikapita, kimya. Kisha nikaegemeza kigae cha chungu cha marehemu mama yangu karibu na anemoni. Wiki chache baadaye nikamkuta dume akikisugua kwa mdomo. Kufikia alasiri kilikuwa na mayai ya rangi ya machungwa, yamesimama kama punje za mchele zilizopandwa. Baba hakutoka hapo. Aliyapepea kwa mapezi na kuyaondoa yaliyooza, moja moja. Mayai yakageuka kahawia, kisha yakaota macho ya rangi ya fedha. Usiku wa nane, taa zikiwa zimezimwa, yakaanguliwa.

Siku ya tatu wote walikuwa wamekufa. Niliwapa chakula kikavu nilichosaga, nisijue kwamba kichanga cha klauni hali kisichotembea. Anahitaji rotifa, vidudu ambavyo jicho huviona kama vumbi, na rotifa nao wanahitaji maji ya kijani yenye mwani. Mbegu nilipewa na rafiki aliyewahi kufanya kazi ya kukuza kamba. Kizazi cha pili kilimalizwa na stima iliyokatika usiku, pampu ya hewa ikanyamaza. Nikanunua betri.

Kizazi cha tatu kilipofika wiki moja nikaongeza artemia, kidudu kidogo cha jamii ya kamba kilicholetwa kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi miaka ya 1980. Shemeji yangu anayefanya kazi huko Gongoni ndiye aliyeniletea mayai yake makavu. Karibu na siku ya kumi na mbili samaki walishuka chini ya tangi, kila mmoja na mstari mweupe wa kwanza. Nilihesabu 23. Mke wangu akahesabu tena, akapata 24.

Sijatajirika. Nauza wachache, na miamba siigusi.

Unayetaka kuanza, usianze na samaki. Pita ofisi ya uvuvi uulize kuhusu kibali, kisha otesha maji ya kijani na rotifa mpaka ushibe kushindwa, ndipo utafute jozi. Na wewe ndugu yangu ambaye bado una wavu mkononi: ukimkuta yule mkubwa ndani ya anemoni, muache. Huyo ni mama.