Barua kwa Raya: Kila Auti Ina Mwenyewe

Kizimbani, Unguja

Mwanangu Raya,

Mama yako leo ametandaza karafuu mara mbili na kuzikusanya mara mbili, kwani kila akishanyoosha jamvi wingu linatokea upande wa Bububu. Bibi yako anauliza kila siku kama huko Dar es Salaam unakula ukashiba. Nimemwambia unakula. Usije ukanifanya mwongo.

Ile picha ya ukurasa wa daftari lako la kuandikia mchezo wa besiboli imefika. Nimevaa miwani nikaiangalia chini ya mwembe tangu alasiri hata adhana ya magharibi. Mwandiko wako mzuri, lakini umefuta mara nyingi, na mahali pawili karatasi imetoboka. Unasema uliona haya kuuliza pale uwanjani Azania, kwa kuwa wote walikuwa wakikutazama wewe uliyeshika penseli. Basi mimi nitakujibu yote. Na wenzako wakikusomea begani, waache wasome. Kesho daftari litakuwa mikononi mwao.

Nilikuwa na miaka 19 nilipopewa daftari langu la kwanza, na halikuwa la mchezo. Ulikuwa msimu mkubwa wa karafuu. Jioni wachumaji wakishuka na mapakacha yao, wakishachambua makonyo, mimi nimekaa na pishi na kalamu: jina na idadi, jina na idadi. Ujira wao ulikuwa ni kile nilichoandika, si zaidi. Siku moja niliitwa katikati ya kupima. Niliporudi, lundo lililokuwa jamvini lilizidi daftari kwa pishi tatu. Nilijua pishi tatu zile zina mwenyewe, ila nani, sikujua, na giza lilikuwa linaingia. Sikuuliza. Nilizitia kwenye jina la kijana niliyekuwa nikila naye, hesabu ikalingana, nikafunga daftari.

Zilikuwa za mama mmoja mtu mzima, aliyeondoka mapema kwa kuwa nyumbani kwake kulikuwa na mgonjwa. Siku ya malipo ndipo alipojua. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ungeuliza." Pishi zile nilizilipa kwa pesa zangu. Neno lile sijalilipa mpaka leo, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Mchezo wenyewe niliujua ukubwani, nilipokuwa nafanya kazi Toronto. Kule kuna bustani iitwayo Christie Pits, uwanja uko chini bondeni na watu hukaa juu ya majani ya mteremko. Nilikuwa nikienda kupunga upepo. Mzee mmoja aliyekuwa hakosi mchezo akaniona nashangaa, akanipa penseli yake ya akiba. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kila mchezaji uwanjani ana nambari: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, anayesimama baina ya ya pili na ya tatu 6, na wale watatu wa nyuma 7, 8 na 9 kuanzia kushoto. Ukiona 6-4-3 na auti mbili, yaani wachezaji wawili waliotolewa, unauona mpira ulivyopita mikononi mwa watu, hata kama hukuwapo. Utaratibu wa kuandika mchezo namna hii ulikuzwa sana na Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, aliyehamia Marekani akiwa mtoto na kuandika habari za kriketi kabla ya besiboli. Hata ile K unayoandika kwa aliyetolewa kwa straiki tatu ni yake. Ni herufi ya mwisho ya neno "struck".

Sasa tuje kwenye ukurasa wako.

Pale juu umeandika K, kisha umeifuta kwa sababu mpigaji alikuwa amesimama besi ya kwanza. Rudisha K yako. Straiki ya tatu ilipigwa hewani, mdakaji hakuudaka mpira, na besi ya kwanza ilikuwa tupu. Hapo mpigaji ana ruhusa ya kukimbia, na amefika. Lakini kushindwa kwake na mrushaji kulikwishatokea. Yametokea mawili, basi andika mawili: K, na kando yake sababu ya kufika. Kama mrusho ulikwenda ovyo, ni wa mrushaji. Kama ulikuwa wa kudakika na ukampita, ni wa mdakaji. Angalikuwa ameuokota akamrushia mwenzake wa besi ya kwanza kwa wakati, ungeandika K na 2-3. Ndiyo maana mrushaji anaweza kupata K nne katika zamu moja ya auti tatu, na daftari likawa sahihi kabisa.

Pa pili, mpira uliopigwa ulimgonga mkimbiaji aliyekuwa akitoka besi ya kwanza kwenda ya pili. Umeandika auti, ukaacha nambari tupu, kwani hakuna aliyeushika. Mwanangu, auti haiachwi yatima. Kanuni inasema auti hiyo apewe mlinzi aliyekuwa karibu zaidi na pale mpira ulipomgonga mtu. Kama ni 4, andika 4 peke yake. Na mpigaji mwandikie pigo la besi moja. Najua utaona amelipata bure, lakini kanuni imekwishaamua, wewe ni kuandika.

Pa tatu umeandika kwamba mpigaji alipewa besi kwa mipira minne iliyorushwa nje ya eneo la kupiga, hali umenieleza mwenyewe kwamba gongo lake liligonga glavu ya mdakaji. Hayo hayafanani. Alizuiwa kupiga. Anapewa besi ya kwanza, mdakaji anaandikiwa kosa, na mpigaji hahesabiwi zamu ya kupiga, kwa sababu zamu yenyewe alinyimwa.

Pa nne ndipo penye mtihani. Auti ya kwanza ilipatikana besi ya pili, kisha 4 akarusha vibaya kwenda besi ya kwanza, mpigaji akaingia salama asisogee zaidi. Ukamwandikia 4 kosa, kwa kuwa kila mtu kwenye majukwaa alikwishaziona auti mbili. Futa kosa hilo. Auti ya pili haikuwapo. Ilikuwa inatarajiwa tu, na linalotarajiwa haliandikwi. Angesogea mtu besi nyingine kwa ajili ya mrusho ule, hapo ungemwandikia. Kosa halipimwi kwa kelele za watazamaji, Raya. Linapimwa kwa jambo moja: je, mchezaji wa kiwango hicho, kwa juhudi ya kawaida, angeliweza?

Umenambia pia kwamba rafiki yako anayecheza 6 alinuna siku mbili kwa kosa ulilomwandikia. Aliudondosha mpira uliomfika kifuani, nawe uliona. Ulifanya sawa. Mpikie chai, kaa naye, mfariji, lakini lile kosa liache pale pale. Ukimfichia leo, kesho utakapomwandikia pigo zuri nani ataamini? Na mwamuzi usishindane naye. Akisema auti ni auti. Kazi yako inaanzia pale yake ilipoishia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: daftari lenyewe nalo lina mtihani wake. Mchezo ukimalizika, kabla hujanyanyuka, chukua timu moja. Jumlisha zamu zake za kupiga zilizohesabiwa, waliopewa besi kwa mipira minne, waliopigwa na mpira, waliojitoa ili wenzao wasogee, na waliozuiwa na mdakaji. Kisha jumlisha mikimbio waliyopata, waliobakia kwenye besi, na auti walizotolewa. Lazima zilingane. Tuseme mchezo wa auti 21: zamu 26, mipira minne 3, aliyepigwa 1, aliyezuiwa 1, jumla 31. Upande wa pili mikimbio 4, waliobakia 6, auti 21, ni 31. Huo ukurasa umepona.

Zisipolingana, ndipo ukumbuke jamvi la karafuu. Usiongeze moja mahali ili zikae sawa. Hesabu iliyolazimishwa hulingana vilevile kama ya kweli, na anayelia ni yule asiyekuwapo. Acha nafasi, tia alama, nyanyuka, mwendee mwamuzi au mwenzako wa timu ya pili, useme, "Hapa sikuona, nambieni." Watu watakutazama, nawe uliza hivyo hivyo. Uwanja ule wa Azania ulifunguliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Koshien, kama uwanja wa Japani ambako vijana wa skuli hucheza kwa heshima kubwa. Heshima hiyo na wewe ni yako, na kwako inakaa kwenye ncha ya penseli.

Kwenye boti ya Ijumaa utapata kifurushi: penseli tatu, mkate wa kumimina wa mama yako, na karafuu kidogo za kutia kwenye chai. Nimetia na raba. Usione haya kuitumia, ila kabla hujafuta, uliza kwanza.

Mchezo ujao nitumie ukurasa wote, na hesabu zako chini.

Wasalaam,
Mjomba'ko