Sauti Tano na Neno

Sirari ni mji wa mpakani. Barabara itokayo Mwanza na kupita Tarime hukomea hapo, na hatua chache mbele ni Isebania ya Kenya. Kutwa malori hunguruma na vipaza sauti vya madukani hushindana. Si mahali pa kutarajia kalimba, ala ambayo sauti yake haivuki ua wa nyumba. Hata hivyo, ndiko mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa Pemba, alikoanza kupiga muziki akiwa amekwisha pita miaka 60.

Utotoni aliupenda udi wa baba yake. Akaambiwa kuwa mkono wake mzito, naye akaamini. Udi hauna alama za kumwonyesha mpigaji pa kubonyeza, na maqamu za taarab zina vipande vya sauti vyembamba ambavyo sikio huvizoea kwa miaka. Basi akauacha udi, akashika kalamu, akawa mtunzi wa mashairi.

Kalimba aliletewa na mwanawe. Ni kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma, ndefu katikati na fupi pembeni, zinazopigwa kwa vidole gumba. Asili yake ni ala kongwe za Afrika: mbira ya Washona, ilimba ya Wagogo ambayo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha katika majukwaa ya dunia. Katika miaka ya 1950, Mwingereza Hugh Tracey alianza kuunda ala ya namna hiyo huko Afrika Kusini na kuiuza ng'ambo kwa jina la kalimba, akiitia sauti saba za Kizungu. Hiyo ya mwalimu ilikuwa na sauti tano tu.

Siri ya sauti tano ni nyepesi. Katika do, re, mi, fa, sol, la, si, zikiondolewa fa na si, zile nusu sauti zinazokwaruzana huondoka pamoja nazo. Zinazobaki hupatana zote. Gumba liangukie popote, halitoi kosa. Jioni ya kwanza mwalimu alipiga saa nzima bila kufundishwa na mtu, na machozi yakamlengalenga.

Lakini furaha haikukaa peke yake, shaka ilimjia. Kitu kisichoweza kukosewa, je, chaweza kuitwa ujuzi? Jirani yake alikuwa mzee wa Kikuria, mpigaji wa iritungu, ala yenye nyuzi 8 na sauti nzito ya kifuani. Siku nyingi mzee alisikiliza bila ya kutia neno. Mwisho alisema:

"Mwalimu, hukosei. Lakini husemi."

"Niseme nini, mzee wangu?"

"Sema jambo moja, ulirudie mpaka likujue. Kisha nyamaza, nasi tulisikie."

Kauli hiyo mtunzi wa mashairi aliielewa upesi. Mizani 16 katika mshororo, 8 kwa 8, yeyote ajuaye kuhesabu ataipata. Wala hakuna aliyewahi kuitwa malenga kwa kuhesabu. Mizani humzuia mtunzi asianguke, bali safari ni yake mwenyewe. Na anayejibizana kwa mashairi papo kwa papo huwahi kujibu kwa sababu bahari imekwisha kumpunguzia njia. Sauti tano ni bahari ya namna hiyo. Wepesi wake si udanganyifu. Ni mlango ulio chini, ambao hata mwenye mkono mzito huufikia. Aliye ndani ndipo huanza kazi.

Mwalimu akaanza kupiga kidogo zaidi. Akachagua sauti tatu, akazirudia kwa mapigo 8, akaacha kimya mahali pa kituo. Hapo gumba lilianza kukosea: kukosea mapigo, kukosea subira, kusema kingi palipotaka kidogo. Kwa kuweza kukosea alijua kwamba sasa anasema.

Kupiga pamoja na jirani hawakuweza, maana nyuzi za iritungu zimekazwa kwa sikio la mzee, na ndimi za kalimba kwa kipimo cha kiwandani. Wakaona njia nyingine, ambayo mtu wa Pemba aliijua tangu utoto: mmoja hupiga, akatua, mwenziwe hujibu.