Linux ipi imfae Mama?

Najua nimepotea hapa kwa muda, kazi za watu zilinibana. Leo siandiki habari za seva wala hifadhidata. Nataka kujibu swali moja ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama: "Nina kompyuta ya nyumbani, bado nzima, sijui lolote kuhusu Linux. Nianze na ipi?"

Mara ya kwanza nilipolijibu swali hili nililijibu vibaya, na aliyelipa gharama ni mama yangu mzazi. Wacha niwasimulie.

Mama ni mwalimu mstaafu, anaishi Voi. Ni mweka hazina wa chama cha akina mama cha pale mtaani. Hesabu zote, nani amechanga, nani amekopa, nani amebakiza riba, huwa ziko kwenye kompyuta yake. Mwaka 2016 nilienda nyumbani nikaikuta kompyuta aliyokuwa nayo wakati ule imejaa virusi kutoka kwa flashi za watu. Nami ndio kwanza nilikuwa nimenogewa na programu huria. Nilikuwa kama mtu aliyeokoka juzi, kila anayekutana naye anataka aokoke usiku huo huo.

Basi sikumuuliza Mama lolote. Nilinakili folda ya Documents na ile ya Pictures, nikafuta diski yote, nikaweka mfumo ule ule niliokuwa nautumia mimi: Arch Linux, na juu yake i3, ambayo huendeshwa zaidi kwa kibodi, haina menyu ya kubofya wala aikoni za kupanga. Ilikuwa inawaka haraka ajabu. Nilijisifu.

Jioni Mama akaketi, akaniuliza, "Mwanangu, vitabu vya chama umeviweka wapi?"

Kumbe yeye alikuwa anahifadhi kila kitu pale pale kwenye skrini ya mbele, mahali anapoweza kukiona. Hakuwa akitumia folda ya Documents hata kidogo. Hesabu za miaka mitatu zilikuwa zimekwenda. Nilijaribu programu za kurejesha faili usiku kucha, nikapata vipande vipande visivyofunguka.

Hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikaa majuma mawili na wenzake wakijenga upya hesabu kutoka kwa madaftari ya zamani, stakabadhi na jumbe za M-PESA. Kuna deni moja halikupatikana mahali popote, na kila mtu alilikumbuka kwa namna yake. Mama akalilipa kutoka mfukoni mwake ili maneno yaishe. Kompyuta akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama redio iliyokufa, akarudi kwenye daftari.

Mwaka 2019 nilimnunulia nyingine, ya mitumba, hizi tunazoziita ex-UK. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne na RAM ya GB 8. Ilikuja na Windows 10, nami sikuigusa. Aliizoea, akarudisha vitabu vya chama humo. Nikadhani mambo yamekwisha.

Halafu mwaka jana, 2025, akanipigia simu. "Mwanangu, kompyuta inaniambia imefika mwisho. Imefika mwisho vipi na inawaka?"

Nilimweleza. Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache. Yake haimo. Microsoft walitoa nafasi ya kujiandikisha kupata viraka vya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, lakini huko ni kuahirisha tu. Angeweza kununua mashine nyingine. Au angeweza kubaki na hiyo hiyo na kubadilisha mfumo endeshi.

Kukawa na kimya kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Ile Linux yako?"

Nikamwambia, "Si ile yangu, Mama. Safari hii tutatafuta yako."

Haya basi, tuingie kwenye kazi yenyewe. Nilipofika Voi mwezi Desemba sikuwasha kompyuta. Nilichukua kalamu nikaandika mambo anayoyafanya nayo kwa wiki: lahajedwali ya chama, kuchapisha ajenda za mikutano, kusoma WhatsApp kwenye kivinjari, kutoa picha za wajukuu kwenye simu, kusikiliza kwaya YouTube. Mambo matano. Kama unataka kumchagulia mtu Linux, anza hapo.

Kwa wasiojua: Linux yenyewe ni kiini tu, kile ambacho Linus Torvalds alianza kukitoa mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Watu mbalimbali hukichukua kiini hicho wakaongeza menyu, programu na mapambo, wakatoa mfumo kamili. Hizo ndizo tunaziita distro. Ni kama chai: majani ni yale yale, kila nyumba na jiko lake. Hizi ndizo nilizozipima:

1. Debian. Imekuwepo tangu 1993 na ndiyo ninayotumia sasa kazini. Ni imara sana. Lakini bado inakuachia maamuzi mengi ambayo mgeni hajui hata yanauliza nini. Nilijikuta naipenda kwa sababu zangu, si za Mama. Nikaiweka kando.

2. Fedora. Nzuri, mpya mpya kila wakati. Shida ni kwamba kila toleo hutunzwa kwa takriban miezi 13 tu, kisha lazima uhamie lingine. Mimi huenda nyumbani mara tatu kwa mwaka. Hapana.

3. Ubuntu. Hii ilianza 2004, na wa rika langu tunakumbuka CD zake zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta hadi 2011. Matoleo yake ya LTS hutoka kila baada ya miaka miwili na hutunzwa miaka mitano. Ingefaa kabisa. Ila upau wake uko kushoto kwa wima, na mkono wa Mama umezoea kwenda chini kushoto kutafuta mahali pa kuanzia.

4. Zorin OS. Hii imetengenezwa makusudi kwa watu wanaotoka Windows, na inapendeza macho. Ilibaki kwenye orodha hadi mwisho.

5. Linux Mint. Ilianzishwa 2006 na Clement Lefebvre, na toleo lake kuu hujengwa juu ya Ubuntu LTS. Ukichukua ile ya Cinnamon, menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, faili zinakaa kwenye skrini ya mbele ukitaka. Mfululizo wa 22 unatunzwa hadi 2029. Masasisho yake hayakuzimii kompyuta katikati ya kazi, yanakungoja uyakubali. Na ndani yake kuna Timeshift, ambayo huhifadhi hali ya mfumo ili sasisho likiharibu kitu urudi nyuma. Lakini angalia: kwa kawaida Timeshift huhifadhi mfumo, haihifadhi vitabu vyako vya chama. Nakala za faili zako ni jukumu lako.

Kati ya Zorin na Mint, aliyeamua si mimi. Nilitembea hadi kwenye saiba iliyo karibu na stendi, ambako Mama hupeleka printa yake ikikwama, nikamuuliza kijana wa pale anaifahamu ipi. Akasema Mint ameshaiwekea watu kadhaa. Hilo kwangu lilimaliza mjadala. Fundi aliye umbali wa kutembea ni bora kuliko mtoto aliye Nairobi mwenye digrii.

Kabla ya kugusa diski niliweka Mint kwenye flashi nikaiwasha kutoka humo. Distro hizi zote zinaweza kujaribiwa hivyo, bila kufuta chochote. Mama akaketi, mimi nikakalia mikono yangu. Kweli, niliikalia, maana ilikuwa inawasha kutaka kushika kipanya. Alitafuta, akakosea, akarudi, akaipata menyu. Wi-Fi ilishika. Sauti ilitoka. Printa ilijitokeza yenyewe bila CD ya madereva.

Tatizo lilikuwa moja. Lahajedwali yake ilifunguka vizuri kwenye LibreOffice na hesabu zote zikakubaliana hadi senti ya mwisho, lakini fonti ya Calibri haikuwepo, ikabadilishwa na nyingine, na safu mbili za mwisho zikamwagikia ukurasa wa pili wakati wa kuchapisha. Tulirekebisha mipangilio ya ukurasa ikakaa sawa. Nawaambia haya ili msidanganywe kwamba kila kitu kinafanana. Kama kazi yako inategemea Microsoft Office yenyewe iliyowekwa kwenye mashine, au programu fulani ya uhasibu ya Windows, jaribu kwanza, na pengine Linux haikufai kwa sasa. Hakuna aibu.

Tulipofika kwenye kufuta, Mama akaondoa miwani. "Kabla hujafuta, nionyeshe vitabu viko wapi."

Safari hii nilikuwa na jibu. Nakala moja kwenye diski ya nje, ya pili kwenye flashi, na zote mbili tulizifungua kwenye laptopu yangu, faili baada ya faili, yeye akisoma jumla na mimi nikiitikia. Flashi akaitia kwenye kile kisanduku cha bati anachowekea hati ya shamba, akafunga kwa kufuli. Kisha akanisogeza kidogo kwa kiwiko, akabofya mwenyewe kitufe cha kuanza.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiniuliza leo uanze na ipi, nitakwambia Linux Mint ya Cinnamon kama mashine yako ina RAM ya GB 4 au zaidi, na ile ya Xfce kama ni dhaifu. Lakini nitakuuliza pia maswali matatu: nani atakaa mbele yake, nani aliye karibu atasaidia ikikwama, na faili ziko wapi hasa? Usikubali jibu la "ziko kwenye kompyuta". Mwambie mwenyewe akuonyeshe kwa kidole.

Mwishoni mwa Januari Mama alinipigia. Nilidhani kuna jambo limeharibika, nikashika kalamu.

"Ile ngao ya pale chini ilitoa alama," akasema. "Ikasema kuna masasisho. Nikasoma, nikaweka neno la siri, nikakubali. Imemaliza."

"Vizuri, Mama. Mbona hukunipigia kabla?"

"Nikupigie kwa nini? Kwani ni yako?"

Haya, tuonane tena wiki ijayo, Mungu akipenda. Nendeni mkatafute flashi.